Nyimbo sita, chumba kimoja: shajara ya mradi wetu

Jumamosi, 8 Februari

Leo hatukupiga wimbo hata mmoja. Tumekaa sakafuni katika chumba cha mazoezi, sisi wanne wa bendi yetu ya punk, ule muziki wa roki wa kasi na kelele, hapa Nairobi, tukasikiliza rekodi tuliyofanya mwaka jana. Kila ala inasikika. Gitaa haliingilii sauti ya mwimbaji, besi yangu haijakosea popote, dramu zimenyooka kama reli. Tulisikiliza mwanzo hadi mwisho, na hakuna kati yetu aliyetikisa hata kichwa.

Kisha mpiga gitaa akatoa simu. Kuna kijana anayetufuata karibu kila shoo, na Novemba alirekodi wimbo mmoja akiwa amebanwa mbele kabisa. Sauti imepasuka. Besi haipo. Katikati ya ubeti wa pili mtu anamwita mwenzake aje mbele. Lakini hata sekunde kumi hazikuisha, mpiga dramu alikuwa ameshasimama, na mimi vidole vilikuwa vinatafuta nyuzi hewani.

Basi tumekubaliana. Tunataka nyimbo sita, zirekodiwe tukiwa pamoja, ili mtu aliye Kitale au Mombasa ambaye hajawahi kutuona asikilize nyumbani kwake na ajue kwa nini watu hutoka kwenye shoo zetu wakikamua fulana. Mimi nimepewa kazi ya kuandika shajara kwa kuwa ndiye ninayeweka hesabu. Hesabu yenyewe: shilingi 46,500 kwenye mfuko wa bendi, pamoja na mchango wa 2,000 kwa kila mtu kila mwezi.

Pesa ni kidogo ila haijanitisha. Albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya punk ya New York, ya mwaka 1976, iligharimu kama dola 6,400 na ilikamilika kwa takriban wiki moja. Nyimbo 14, na zote pamoja hazifiki nusu saa. Waliingia studio nyimbo zikiwa zimeshapigwa klabuni mpaka zikakomaa. Sisi mwaka jana tulifanya kinyume: dramu siku ya kwanza, besi ya pili, gitaa ya tatu, kila mmoja peke yake na metronomu, kile kifaa cha kugonga mdundo, masikioni. Mwimbaji aliimba siku ya mwisho, ndani ya kijichumba, akiwa amefumba macho ili ajifanye anatuona.

Jumanne, 11 Februari

Nimetumia jioni nzima kupima kasi. Kuna programu ya simu ambayo unagonga kwa kidole kufuata mdundo, nayo inakupa mapigo kwa dakika. Nimepima wimbo mmoja tu, ule wa kufungia shoo, mara mbili: rekodi ya studio na ile ya simu ya kijana.

Studio: 176 mwanzo hadi mwisho.

Simu: unaanza 180. Kiitikio cha kwanza 184. Baada ya pale tunaponyamaza wote kwa mpigo mmoja kisha tunarudi, 190. Unamalizikia 188.

Nilipowatumia wenzangu, mpiga dramu aliandika, "Samahani wakubwa, nitafanyia kazi." Ndiye mdogo wetu, amelelewa kwenye dramu za kanisa, na alisoma zile namba kama ripoti ya makosa. Nikampigia simu. Nikamwambia asithubutu kurekebisha chochote. Kupanda kwa kasi ile si kuteleza. Mwimbaji anaegemea mbele, watu wanaegemea naye, gitaa linavutwa, na yeye pale nyuma anasikia yote hayo mguuni. Metronomu haina masikio. Tumekata shauri: itatupa mipigo minne ya kuanzia, halafu inazimwa.

Jumamosi, 22 Februari

Mazoezi saa tatu. Jambo kubwa la leo ni futi ya kupimia ya fundi wetu wa mitambo.

Mwezi uliopita tulipiga kwenye jukwaa kubwa kuliko yote tuliyowahi kupanda, na tulipiga vibaya. Sikuelewa kwa nini. Hatukulewa, hatukuogopa, vyombo vilikuwa vizuri. Leo fundi akatuuliza tulisimama vipi. Tukamwonyesha: tulitandazwa jukwaa zima, mimi kama mita sita kutoka kwenye dramu. Akachukua chaki akatuandikia sakafuni. Gawa sekunde moja mara elfu: kwa kila kipande kimoja sauti husafiri kama sentimita 34. Mita sita ni vipande 17 au 18. Mimi nikipiga pamoja na ninachokisikia, nimeshachelewa kiasi hicho, na mpiga dramu akinisubiri anachelewa tena. Kwa wimbo wa taratibu hakuna atakayejua. Kwa mapigo 185 kwa dakika, kila mtu anasikia kitu kimelegea bila kujua ni nini.

Tukasogea. Mimi sasa nasimama mita moja na nusu kutoka kwenye dramu, upande wa yale matoazi mawili ya mguu, mahali ambapo naona goti lake la kulia. Mpiga gitaa upande wa pili, umbali uleule. Tumebandika utepe wa gundi sakafuni ili miguu ikumbuke.

Tulipiga wimbo wa kwanza, tukamaliza, tukatazamana. Hakuna aliyesema neno. Tukaurudia, kwa raha tu.

Kuanzia sasa hata tukipewa jukwaa la uwanja wa mpira tutakaa hivyohivyo, tumejikunyata katikati kama watu wanaota moto.

Jumatano, 5 Machi

Maneno.

Wimbo wetu wa nne unahusu nyumba zilizobomolewa kando ya mito ya Nairobi, Mathare na Mukuru, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Mwimbaji wetu ana jamaa walioamka na mto ndani ya nyumba, na siku chache baadaye wakaondolewa hata pale palipobaki. Wimbo aliuandika usiku mmoja. Beti zake hazina neno la kuongeza. Kiitikio ndicho kilikuwa kinatushinda: "Hatutaondoka nyumbani kwetu." Kwenye karatasi kinauma. Kwenye shoo watu walifungua vinywa, wakafika katikati, wakafunga.

Leo tumekifungua kama injini. Nyimbo za Kiingereza tulizokulia nazo zimejaa maneno ya silabi moja, unayapiga juu ya snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, kama msumari. Kiswahili hakikubali hivyo. Maneno yetu ni marefu, mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na mwisho wenyewe karibu kila mara ni irabu iliyo wazi. Ukilazimisha Kiswahili kitembee kwa mwendo wa Kiingereza, mkazo unaangukia pasipo pake na mtu anasikia lafudhi ya mgeni kinywani mwa mtu wa mtaa wa Umoja, Nairobi. "Hatutaondoka nyumbani kwetu" ni silabi kumi na moja. Kwa kasi yetu ni mtu mmoja tu anayeweza kuitamka, na ni yule aliyeiandika.

Tukakata, tukakata, hadi likabaki neno moja: "Hatuhami."

Ha-tu-HA-mi. Silabi nne. Mbili za kwanza zinapanda, ile HA inatua pamoja na snea, na "mi" inabaki wazi, unaweza kuivuta mpaka pumzi iishe. Mwimbaji alijaribu mara moja, sauti ya kawaida tu, bila maiki. Mpiga dramu akagonga snea kwa kidole. Nywele za mkono zilinisimama. Na uzuri wa ile irabu ya mwisho ni kwamba ni mali ya watu. Sisi tunapiga HA, wao wanabeba "mi".

Napenda sana jinsi mwimbaji anavyofanya kazi. Nje ya jukwaa ni mpole, huongea kama anaomba njia. Ndani ya begi lake la maiki amebandika picha ya Poly Styrene wa bendi ya punk ya X-Ray Spex, yule binti wa London ambaye baba yake alikuwa Msomali na aliyeimba na vyuma vya meno mdomoni mwaka 1977. Anasema alipomwona mara ya kwanza alifikiri ni binamu yake.

Jumamosi, 15 Machi

Watu hutuuliza gitaa letu linatoa wapi ule mlio wa kukimbia. Wanadhani ni pedali. Pedali ni moja tu, ya bei rahisi, tuliinunua Luthuli Avenue, na kazi yake ni kukwaruza sauti basi.

Jibu ni babu yake mpiga gitaa. Mpiga gitaa wetu amekulia karibu na Homa Bay, katika nyumba ya huyo babu, ambamo santuri za benga, muziki wa gitaa wa Waluo, hazikunyamaza. Benga ilichukua mchezo wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ikauweka kwenye gitaa: noti mojamoja, za haraka, zinazojibizana na besi. Na nyimbo nyingi za benga zina mahali ambapo mwimbaji anakaa kando, vyombo vinaachiliwa, na gitaa la solo linapanda kileleni. Hapo ndipo vumbi hutimka.

Leo alijaribu kitu ambacho amekuwa akikiogopa. Katika wimbo wa pili, badala ya kukwaruza nyuzi zote juu chini kama kawaida ya punk, alicheza ule mwendo wa benga kwa nyuzi mbili za juu, kwa kasi yetu, pedali ikiwa wazi. Mimi nikaacha kufuata gitaa nikaanza kulijibu, jinsi besi ya benga inavyofanya. Sekunde ishirini tu, kisha tukarudi kwenye kiitikio.

Aliogopa watu watasema tunachanganya mambo. Mimi naona ndiyo mara ya kwanza tumesikika kama watu wanaotoka mahali fulani. Sekunde ishirini zile zinabaki, hata kama nitazipigania peke yangu.

Ijumaa, 28 Machi, usiku sana

Naandika masikio yakiwa bado yanavuma.

Shoo ndani ya ukumbi mdogo, kiingilio 300, tumehesabu watu 74. Bado tunashikilia kiingilio cha chini. Bendi ya Fugazi, ya Washington, ilicheza miaka mingi kwa kiingilio cha dola tano tu, na sababu yao ndiyo yetu: kijana wa miaka kumi na saba asibaki nje akisikiliza ukutani.

Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Maiki ilipiga mluzi mara mbili na fundi akanifanyia ishara nisiyoielewa. Wa tatu ulikuwa "Hatuhami". Tulikuwa tumeingia kiitikio cha kwanza, neno limetoka mara mbili tu, stima ikapotea.

Giza. Gitaa likakatika, besi ikakatika, maiki ikafa. Kwa kawaida hapo watu hupiga kelele "aaah" na bendi inasimama kama walioporwa. Lakini mpiga dramu hakusimama. Dramu hazihitaji stima. Aliendelea vilevile, mguu, snea, mguu, snea, na mahali pa kiitikio palipofika, mwimbaji aliruka chini kutoka jukwaani, akasimama katikati ya watu gizani na kulipiga lile neno kwa koo tupu. Watu wakaibeba "mi". Mara ya kwanza kama kumi. Mara ya pili nusu ya ukumbi. Kufikia mara ya tano simu zilikuwa zimewashwa tochi, sura zote zimelowa, na watu sabini na wanne walikuwa wanaimba wimbo ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kuusikia, kwa sababu kiitikio kile tulikipata wiki tatu zilizopita.

Mimi nilikuwa nimeshika gitaa la besi lililokufa na nilikuwa naipiga tu. Nyuzi zilikuwa zinagonga mbao, tak tak tak. Sikutaka kuacha.

Mwanamume mmoja mwenye umbo kubwa alianguka kwenye mduara wa wanaorukaruka. Mikono sita ikamwinua kabla hajagusa sakafu vizuri. Hiyo nayo sitaki kuisahau.

Stima ikarudi baada ya kama dakika mbili, katikati ya neno. Ampu zetu zote zilikuwa wazi. Zilipoamka pamoja, ule mshindo ulinisukuma nyuma.

Jumapili, 30 Machi

Mradi umebadilika. Tulikuwa tumepanga kurekodi sisi wanne ndani ya chumba. Tulikosea hesabu. Wale watu ni sehemu ya sauti. "Mi" si yetu, siwezi kuirekodi bila wao.

Pia: kuanzia leo vizibo vya masikio ni lazima, mazoezini na kwenye shoo. Mpiga dramu amekiri kwamba sikio la kushoto humlilia hadi asubuhi. Kiwango kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, kwa wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka, muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Simu yangu ilionyesha 104 kwenye kile chumba chetu, na simu si kipimo cha kuaminika, lakini hata ikiwa imekosea kidogo jibu ni lilelile. Vizibo vya sponji duka la dawa ni bei ya chapati mbili. Sasa nitabeba boksi zima kwenye shoo na kuwagawia watu mlangoni.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumepata chumba!

Tulizunguka wiki mbili. Kumbi ni ghali au zinapiga mwangwi kama kisima. Mtu mmoja alitushauri tubandike trei za mayai ukutani. Trei za mayai hazizuii sauti kutoka nje, zinapunguza tu kidogo ule mlio mkali wa juu. Kuzuia sauti kunataka uzito.

Kisha fundi wetu wa mitambo akakumbuka karakana ya makochi kule Kariobangi Light Industries, ambako aliwahi kushona mfuniko wa spika. Tukaenda. Nilipoingia nilipiga makofi mara moja, kama ninavyofanya kila chumba sasa, na makofi hayakurudi. Pande tatu za ukuta zimepangwa sponji za makochi hadi karibu na paa. Sakafu ina vumbi la mbao na vitambaa. Ni studio ambayo hakuna aliyeijenga.

Mwenye karakana ni mzee wa makamo ya sitini na kitu. Tulimsalimu, tukakaa, tukanywa chai yake kabla ya kusema shida yetu.

"Wanangu, hizo ngoma zenu zitaangusha mbao zangu?"

"Hapana, mzee. Lakini zitatikisa mabati."

Akatazama juu, akafikiri. "Mabati tutakaza. Saa ngapi mnamaliza?"

"Kabla ya saa mbili usiku."

"Na hao watu arobaini, ni watu wa kuvuta sigara?"

Hilo lilikuwa swali la mtu anayeijua kazi yake. Sponji ikishika moto haizimiki kwa ndoo, na moshi wake unaua upesi. Tumekubaliana masharti yake yote: hakuna sigara wala kiberiti ndani, milango yote miwili mikubwa iwe wazi, vizimamoto viwili tuazime sisi, na watu wasizidi arobaini. Malipo, 8,000 na sisi ndio tutakaofagia. Akatusindikiza hadi barabarani, akamuuliza mwimbaji wetu, "Na wewe binti ndiye unayepiga kelele?" Mwimbaji akacheka akasema ndiye. "Basi piga vizuri," akamwambia.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku ya majaribio karakanani. Kifaa chetu cha kurekodi kina njia nane, na nane zinaisha haraka: snea, dramu la mguu, maiki moja juu ya matoazi, besi, gitaa, mwimbaji, na mbili zilizobaki tumezielekeza kwa watu. Fundi alipendekeza mbili hizo zote ziende kwenye dramu. Tulibishana nusu saa. Nilimkumbusha lile giza la Machi, naye alikuwepo, akanyamaza akaziinua stendi mwenyewe.

Dramu la mguu lilipoanza, mabati yaliitikia kwa mngurumo mkubwa kama mvua ya mawe. Sponji humeza sauti za juu, lakini za chini hupita tu. Kijana wa karakana alipanda na ngazi, akaongeza misumari na raba mahali palipolegea. Mngurumo ulipungua, haukuisha. Tutaishi nao.

Na hatimaye nimeelewa ile ishara ya fundi. Mwimbaji wetu hushika maiki kwa juu, kiganja kimefunika ule wavu. Inapendeza kwenye picha. Lakini maiki ya aina ile, SM58 ya Shure, imetengenezwa isikie mbele na isisikie nyuma, na inafanya hivyo kwa kuingiza sauti pia kupitia matundu yaliyo nyuma ya wavu. Ukiyaziba kwa kiganja, inaanza kusikia pande zote, ikiwemo monita, ile spika yake iliyo miguuni, na hapo ndipo mluzi unapozaliwa. Fundi alimshika mkono akaushusha taratibu hadi kwenye mpini. "Hapa, dada. Mwache apumue." Wimbo uleule, sauti ileile ya mwimbaji, na ghafla kila konsonanti ilikuwa wazi. Amezoea kushika juu kwa miaka minne, kwa hiyo amejifunga kitambaa chekundu kwenye mpini kiwe ukumbusho.

Sauti ya dramu inaingia kwenye kila maiki, haizuiliki. Tumeacha kupigana nayo. Tunachofanya ni kuhakikisha sehemu ya nyuma ya maiki ya mwimbaji inatazama dramu, basi.

Jumamosi, 10 Mei

Leo.

Saa kumi jioni watu 38 walikuwa ndani, mzee mwenye karakana na mkewe wakiwa wamekaa kwenye kochi ambalo halijashonwa kitambaa. Niligawa vizibo. Mpango ulikuwa kupiga nyimbo zote sita mara tatu, kama shoo tatu fupi, na kuchagua.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa baridi. Kila mtu aliiona ile taa nyekundu ya kifaa. Watu nao walisimama kwa adabu, kama wako studio, wakiogopa kukohoa. Tulimaliza wimbo wa sita nikahisi moyo unashuka, kwa sababu ilikuwa ile rekodi ya mwaka jana tena, na vumbi la mbao juu yake.

Mwimbaji akafanya jambo ambalo hatukulipanga. Alimwambia fundi aifunike ile taa kwa kitambaa. Kisha akawaomba watu waje karibu, karibu zaidi, hadi wa mbele akawa anaweza kugusa gitaa langu. Akawaambia, kwa ile sauti yake ya kuomba njia, "Leo hatuwapigii nyinyi. Tunapiga na nyinyi."

Mzunguko wa pili ndio. Nilijua kwenye mipigo minne ya kuanzia. Mpiga dramu alikuwa anatabasamu. Kwenye zile sekunde ishirini za benga, mke wa mzee alisimama kutoka kwenye kochi na mabega yake yakaanza kucheza jinsi yanavyochezwa kwao, na mpiga gitaa alipomwona alirudia kilele kile mara mbili zaidi ya tulivyopanga. Mimi na dramu tulimfuata bila kutazamana. Uzi wake wa kwanza ukakatika katikati ya wimbo wa tatu, unasikika kabisa, pwaa, naye akamalizia kwa tano.

"Hatuhami" ilifika mwisho. Kiitikio cha mwisho mwimbaji alikiacha kabisa. Alielekeza maiki kwa watu, akaishika kwenye mpini, kitambaa chekundu kinaonekana, na watu 38 wakaipiga HA pamoja na snea kana kwamba wamefanya mazoezi mwezi mzima. Ile "mi" ilijaa chumba chote, na mabati yakaitikia, ule mngurumo tulioupiga vita. Nafurahi misumari haikuumaliza.

Mzunguko wa tatu tuliupiga kwa ajili ya furaha. Hatukuuhitaji.

Tumefagia hadi saa tatu.

Jumapili, 11 Mei

Nakala mbili, diski mbili, nyumba mbili tofauti. Kule Detroit bendi ya Death, ndugu watatu weusi, walirekodi nyimbo zao saba mwaka 1975, na zilikuja kutolewa kama albamu mwaka 2009. Ziliokoka kwa sababu kuna mtu aliyezitunza kanda. Diski moja iko kwa mama yangu, ndani ya kabati la vyombo vya wageni.

Jumanne, 27 Mei

Kuchanganya sauti. Wiki mbili, fundi na mimi, usiku. Nyimbo tano ni za mzunguko wa pili, moja ya wa tatu. Hakuna tulichorekodi upya. Kwenye wimbo wa kwanza naingia mapema kwa kiasi cha kusikika, na nilikuwa nimeomba nirudie besi peke yangu. Wenzangu walikataa. Besi yangu imo pia ndani ya maiki za watu, haitoki.

Leo asubuhi nilipanda matatu ya 58 kwenda mjini, nikakaa mbele, nikamwomba dereva aweke simu yangu kwenye mfumo wake. "Ni muziki gani, boss?" Nikamwambia ni yetu. Akaongeza sauti bila kuuliza tena. Spika za matatu zina besi ya kutikisa viti, na ndani ya dakika moja nikasikia kosa: gitaa lilizama kabisa, besi yangu imelifunika. Nyumbani kwenye vipokea sauti sikuwahi kulisikia. Tulipofika Jogoo Road kondakta alikuwa amening'inia mlangoni akigonga bodi ya gari kwa kiganja, na alikuwa anagonga pale snea inapotua. Nimeshusha besi usiku huu na kufungua katikati ya gitaa. Kesho napanda tena.

Jumamosi, 14 Juni

Nyimbo sita, dakika 15 na sekunde 40, zimetoka Jumatatu. Pesa iliyobaki ni shilingi 3,150. Tumempelekea mzee wa karakana nakala kwenye flashi, na kochi lile sasa lina kitambaa cha kijani.

Jana tulipiga Nakuru, mara yetu ya kwanza nje ya Nairobi, mbele ya watu kama hamsini tusiowajua hata mmoja. Tulisimama tulivyozoea, mita moja na nusu. Wimbo wa nne ulipofika mwimbaji alivuta pumzi aanze ubeti, na kabla hajaanza, msichana mmoja aliyesimama karibu na spika ya kulia, amevaa sare ya kazi ya duka, alipaza sauti peke yake: "Ha-tu-HA-mi!" Akaivuta "mi" ile hadi mwisho, mahali palepale inapoishia kwenye rekodi, pale mabati yanaponguruma. Mpiga dramu akainua fimbo, akahesabu nne.